Jina la Pili Kwenye Kengele

Bi. Köppel wa ghorofa ya chini ndiye aliyeniambia kwamba yule mtoto si wa Letebrhan.

Aliniita kutoka dirishani kwake, ameegemea mto wake wa mistari kama afanyavyo kila asubuhi isiyo na mvua. Nilikuwa natoka kutupa takataka, mwanangu Tunu nimembeba mgongoni. Bi. Köppel anampenda Tunu. Humpa biskuti, kisha hunionya mimi kwamba biskuti zinaharibu meno.

"Umesoma kengele ya ghorofa ya tatu?" akaniuliza.

"Ya Letebrhan?"

"Chini ya jina lake. Limebandikwa jingine kwa selotepu. Mama ni Gebrezgi, mtoto ni Habtom. Sasa niambie, mama Tunu, mtoto huyo ametoka wapi?"

"Ni wake, Bi. Köppel. Alikuwa akikaa na bibi yake Adis Ababa, ndiyo kwanza amefika Ujerumani."

"Wote husema hivyo. Wanaleta watoto wa watu, wanawachukulia posho ya watoto, wanawaita wanangu. Mimi simsengenyi mtu. Mimi nasoma kengele tu."

Nikatupa takataka zangu, karatasi kwenye pipa la karatasi, maganda kwenye pipa la maganda, maana na hayo pia huyasoma. Wakati wa kurudi nikatazama ubao wa kengele pale mlangoni. Kweli, chini ya GEBREZGI kulikuwa na kikaratasi, HABTOM, kwa herufi za mtoto ambazo bado hazijajua kusimama mstari mmoja.

Letebrhan nilimjua nilipotoka hospitali na Tunu mchanga. Hatukuwa tumewahi kusemezana zaidi ya salamu za ngazini. Siku hiyo aligonga mlango, ameshika bakuli. Ndani mlikuwa na kitu kama ugali, katikati kina shimo, na shimo limejaa siagi na pilipili nyekundu. Kwao mzazi hulishwa hicho. Aliketi akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaosha bakuli lake na vyombo vyangu vyote vilivyokuwa vimelala kwenye sinki. Tangu hapo ananiita dada, nami namwita dada, tukizungumza Kijerumani chetu cha kuokoteza, yeye kwa lafudhi ya kwao Eritrea na mimi kwa yangu.

Kazi yake ni kukunja shuka za hospitali kwenye kiwanda cha kufulia. Hutoka alfajiri. Alikuwa akishuka ngazi pekupeku, viatu mkononi, asimwamshe Bi. Köppel, na kuvivaa akiwa ameshafika nje, hata wakati wa theluji. Kikohozi kikimjia ngazini alikuwa akikizima kwenye mtandio wake mweupe. Nilimwona hivyo miaka yote, nikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Mtoto anaitwa Fiyori. Letebrhan alimwacha kwa mama yake akiwa na miaka mitatu, na amempata tena ana tisa. Baba yake, Habtom, alirudishwa jeshini kwao mtoto akiwa bado ananyonya, na habari zake zikakatika. Letebrhan hasemi amekufa, wala hasemi yu hai. Ukimuuliza husema, "Habtom yuko kwao," kisha hukuuliza kama umekula.

Ili mtoto apewe viza, ubalozi uliwapima mate, ya mama huku na ya mtoto kule, wakayalinganisha kuona kama ni damu moja. Yakakubaliana. Ilichukua muda mrefu sana, lakini ilikwisha, na mtoto akashuka kwenye ndege na begi la shule ambalo ndani yake hamkuwa na kitabu hata kimoja, ila mkate wa bibi na picha ya baba.

Kwao hakuna jina la ukoo. Mtoto hubeba jina la baba, na mama hubaki na la baba yake. Kwangu mimi hilo si ajabu, hata mimi jina langu la pili ni la baba yangu. Lakini hapa kengele moja ina jina moja, na wote wa nyumba hiyo hulibeba, mke, mume, watoto, hata paka akipelekwa kwa daktari wa wanyama.

Mtu akihamia nyumba hapa ana wiki mbili za kwenda ofisi ya wakazi kuandikwa. Na hawakuandiki bila karatasi ya mwenye nyumba, inayotaja kila aliyeingia humo kwa jina lake. Sisi wageni karatasi hiyo tunaijua kuliko tunavyojua nyimbo za kanisani. Usipoandikwa huna shule, huna bima ya daktari, na ukitafutwa hupo.

Karatasi ya Letebrhan ilikuwa na jina lake peke yake. Akaenda nayo ofisini, akakutana na mzee mmoja mwenye miwani shingoni.

"Mtoto hayumo humu," akasema yule mzee. "Lete yenye jina la mtoto."

Basi. Akafunga faili, akaita namba nyingine.

Ndipo Letebrhan akamwalika Bwana Rademacher, msimamizi wa jengo letu, anayetuandikia karatasi hizo kwa niaba ya kampuni yenye nyumba. Alimwalika kahawa ya kwao, ile yenyewe. Nilikwenda kumsaidia. Tulifungua madirisha yote, na king'ora cha moshi pale darini tukakivika kofia ya kuogea ili kisipige kelele buni zikikaangwa. Alitandika nyasi za plastiki sakafuni, akapanga vikombe visivyo na mkono, akachoma ubani. Fiyori alivalishwa gauni jeupe, akakalishwa mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kumwona.

Kahawa hiyo hunywewa vikombe vitatu. Cha kwanza ni cha mdomo, cha pili ni cha mazungumzo, na cha tatu ni cha baraka. Kwao ombi halijibiwi kabla ya cha tatu, na mgeni aondokaye kabla yake ameshakujibu.

Bwana Rademacher alikunywa cha kwanza, akatazama saa, akasimama.

"Kahawa yako kali kweli, Bi. Gebrezgi."

"Bado viwili," akasema Letebrhan.

"Moyo wangu hauwezi." Akashika kitasa, kisha akageuka. "Sikiliza. Nilipangisha nyumba hii kwa familia moja. Nikiandika jina jingine, kampuni wataniuliza umempangishia nani chumba. Kuna njia rahisi. Unasaini kwamba mtoto anachukua jina lako. Wengi wanasaini. Awe Gebrezgi, na siku hiyo hiyo nakuandikia."

"Ana jina."

"Najua ana jina. Nasema apewe linalofaa."

Alisema kwa upole, hata akamgusa Fiyori kichwani akitoka, na nadhani upole ule ndio uliomchoma mama zaidi. Mlango ulipofungwa Letebrhan akamimina cha pili kwenye kikombe cha Bwana Rademacher, akakinywa yeye. Akamimina cha tatu, akakinywa. Fiyori akauliza kitu kwa Kitigrinya, na mama akajibu neno moja tu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Ameuliza kama mgeni ametubariki. Nimemwambia bado."

Nami nikafanya kama majirani wote wangefanya. Nikamwambia, "Dada, saini tu. Ni karatasi. Mtoto aende shule. Ndani ya nyumba mtamwita mtakavyo."

Hakunikasirikia. Alikuwa akifuta kikombe kimoja kwa ncha ya mtandio, akaendelea kukifuta muda mrefu.

"Nilimwacha ana miaka mitatu," akasema. "Miaka sita sikumfunga kamba ya kiatu. Sikumsuka. Baba yake naye hakumpa chochote ila jina. Sasa nimempata, mimi niliyemwacha, na kitu cha kwanza nimfanyie ni kumnyang'anya hilo? Ili kengele ipendeze?"

Nikachukua kikombe kingine, nikakifuta.

"Habtom akija kesho akasimama pale chini," akasema, "asome nini?"

"Basi mpelekee Bwana Rademacher karatasi za ubalozi. Zile za mate."

"Mate nimetema mara moja, dada, kwa serikali. Kwa ajili ya kengele sitemi."

Kile kikaratasi cha mlangoni kilibanduliwa. Fiyori akaandika kingine, kikabanduliwa. Akaandika tena, safari hii kwa kalamu nne za rangi, akazungushia maua. Kikakaa mpaka mchana. Nilimwona Bwana Rademacher akikibandua kwa kucha, taratibu, kama mtu anayetoa bei kwenye zawadi. Alipoona namtazama akasema, "Sheria ya jengo. Vibao tu, hakuna karatasi." Dirishani Bi. Köppel akatingisha kichwa kukubali, akageuza mto wake upande wa pili.

Siku hizo nikaanza kusikia kitu kipya ngazini alfajiri. Viatu. Mwanzo vilivaliwa ghorofa ya kwanza, halafu ya pili. Mwishowe nikasikia mlango wa ghorofa ya tatu ukifungwa na visigino vikishuka toka huko juu, ko, ko, ko, bila haraka. Nilikuwa namnyonyesha Tunu, nikajikuta nacheka peke yangu gizani.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili ilifika, karatasi haikuwa imepatikana. Letebrhan alitoka kazini akiwa bado na sare ya kiwandani chini ya koti, akanigongea.

"Twende."

"Una miadi?"

"Nina mtoto."

Tukaenda, mimi na Tunu, yeye na Fiyori. Tulichukua namba, tukakaa. Safari hii tuliangukia kwa dada mmoja kijana, kibao chake kimeandikwa Bi. Sievers, pua nyekundu kwa mafua, leso imefinyangwa mkononi. Akasoma karatasi, akairudisha.

"Haina jina la mtoto."

"Najua," akasema Letebrhan.

"Basi siwezi kumwandika. Ukiipata yenye jina lake, chukua miadi…"

"Andika kwamba nimekuja."

"Samahani?"

"Mmesema wiki mbili. Leo ni mwisho. Nimekuja na mtoto wangu, na pasipoti yake, na cheti chake. Karatasi iko kwa Bwana Rademacher na hataki kuitoa. Andika hayo yote. Andika na jina lake Rademacher. Ukishaandika nitaondoka."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu walionyoosha shingo walikuwa wengi. Bwana mmoja nyuma yetu, mkono umefungwa bendeji, akasema, "Sisi wengine tuna kazi za kufanya."

Letebrhan akageuka. "Mkono huo walikufunga hospitali ya hapa mjini?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Shuka uliyolalia niliikunja mimi. Ningoje kidogo."

Yule bwana akatabasamu, akaketi. Tunu akamcheka.

Bi. Sievers alikuwa ameacha kupiga chafya. "Amekataa kuandika? Amekuambia mwenyewe kwamba anakataa?"

"Alikunywa kikombe kimoja akasimama."

Bi. Sievers akanitazama mimi. Nikamwambia, "Ndiyo. Amekataa. Anataka kwanza mtoto abadilishwe jina."

"Kwa nini hukuja kusema mapema?"

"Niliambiwa nilete karatasi," akasema Letebrhan. "Sikuulizwa nani ananinyima."

Yule dada akapangusa pua. Akatueleza polepole, kama tulivyozoea kuelezwa, ila yeye hakupandisha sauti kama wengine, wanaodhani kutojua lugha ni uziwi. Karatasi ile, akasema, si hisani. Mwenye nyumba analazimika kuitoa, na akikataa mpangaji aje aseme hapa, mtoto ataandikwa, na ofisi ndiyo itakayomwandikia mwenye nyumba barua. Hana ruhusa ya kuchagua mtoto aitwe nani.

Nikamtazama Letebrhan. Ule ubani wote, na kofia ya kuogea darini. Tulikuwa tumemkaangia mtu kahawa tukimwomba kitu ambacho ni wajibu wake. Wala hatukuwa peke yetu. Nawajua wa mtaani kwetu waliopeleka sambusa kwa ajili ya karatasi hiyo, na mmoja aliyempakia msimamizi wake rangi sebule nzima.

Bi. Sievers akainama kwenye meza. "Na wewe, binti, unaitwa nani?"

Fiyori alikuwa hajajua Kijerumani zaidi ya salamu na kuhesabu, lakini swali hilo alilijua. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama bibi yake alivyomzoesha, akaanza.

"Fiyori, Habtom, Weldu, Kidane, Tesfazghi, Embaye, Ghide…"

Kwao mtoto hukaririshwa baba zake mpaka saba, kila jina limeshika mkono wa linalofuata, asije akapotea. Bi. Sievers alisubiri mpaka akamaliza. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya mashine.

"Ni mengi," akasema. "Nafasi ya jina la ukoo ni moja. Niandike lipi?"

Mama akamtafsiria. Angeweza kujibu mwenyewe, lakini akamwachia mtoto.

Fiyori akamtazama mama yake, kisha yule dada. "Habtom," akasema. "Lililonishika mkono."

Letebrhan alitafsiri hilo bila kututazama. Mashine ikachapa. Karatasi ikatoka na mhuri: Fiyori Habtom, mtaa wetu, nyumba yetu, kwa mama yake.

Njiani tulinunua mkate wa chumvi, tukaumegea palepale barabarani. Tukafika mlangoni. Bi. Köppel alikuwa dirishani.

"Mmeandikwa?" akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Tumeandikwa," akasema Letebrhan. "Mtoto wa Habtom. Habtom ni mume wangu. Ukitaka kujua zaidi, Bi. Köppel, panda ngazi, kahawa ipo. Lakini ni vikombe vitatu."

Bi. Köppel akasema ana shinikizo la damu. Akafunga dirisha, na haikuwa inanyesha.

Barua ya ofisi ilimfikia Bwana Rademacher wiki iliyofuata. Alileta karatasi mpya yenye majina yote mawili, akaipenyeza chini ya mlango bila kugonga. Tukadhani yamekwisha. Kumbe siku hiyo hiyo alibadilisha vibao. Kengele zote na masanduku yote ya barua yakapata vibao vipya vya chuma, vinang'aa, kila nyumba jina moja. Cha ghorofa ya tatu kikaandikwa GEBREZGI, na jina la mtoto halikuwepo.

Nilikutana na Letebrhan pale chini, Jumapili mchana, jengo lote kimya, maana hapa sheria inakataza kelele siku hiyo. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku lake la barua, mtandio mabegani. Tarishi wetu ni mtu mzuri, lakini barua yenye jina ambalo halipo kwenye sanduku haitumbukizi, huirudisha ilikotoka. Na Bi. Sievers alikuwa ametuonya: barua zikirudi zimeandikwa hajulikani, ofisi nayo mwisho huandika kwamba amehama. Mtoto angefutwa hivyohivyo, bila mtu kumtukana wala kumfukuza. Barua ya shule ya Fiyori ilikuwa njiani, ikija kwa Fiyori Habtom.

"Bwana Rademacher anasema kibao cha pili kitajadiliwa na kampuni," akasema. "Labda baada ya kiangazi."

"Turudi kwa Bi. Sievers."

"Tutarudi. Kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni. Lakini tarishi naye anakuja kesho." Akapitisha kidole juu ya chuma kile, chini ya jina lake, mahali palipobaki patupu. "Selotepu inabanduka. Kalamu inafutika."

Kisha macho yake yakashuka mikononi mwangu. Nilikuwa nimepaka rangi ya kucha asubuhi ile Tunu alipolala, nyekundu, ile ambayo hata maji ya vyombo hayaiwezi. Nami nikazitazama kucha zangu. Fiyori alikuwa ametoka nyuma ya mama yake, anazitazama pia, na alielewa kabla yangu, maana alianza kukunja mikono ya sweta.

"Dada," akasema Letebrhan, "panda ukaniletee kile kichupa chako. Mwandishi yupo. Halafu vua hizo kandambili, uvae vile viatu vyako vya harusi, vyenye kisigino kirefu, ushuke navyo ngazi zote. Polepole. Nataka Bi. Köppel asikie kwamba tunaandika."